Askari Akirudi Kutoka Hospitali, Cheo Chake Kiko Wapi?

Askari anapolazwa hospitali huwa na maumivu ya namna mbili. Ya kwanza ni yale ya mwili, ambayo daktari huyatafutia dawa. Ya pili hayaandikwi katika cheti chochote. Ni kule kuhesabu siku kitandani huku akijua kwamba kikosini orodha ya watakaopandishwa vyeo inaandikwa, kozi zinaanza na kumalizika, na wale walioapishwa naye siku moja wanazidi kumtangulia. Akipona na kurudi atakuta jina lake lingali katika daftari la mshahara. Lakini je, atakikuta cheo ambacho angekwisha kukipata kama asingeugua?

Hilo ndilo swali tunalokusudia kulizungumza leo. Si swali la kikosi kimoja wala la nchi moja, kwani popote penye sare pana majeruhi na wagonjwa. Tumechagua kulieleza kwa kisa kilichotokea Marekani. Hatukukichagua kwa kuidhania nchi hiyo kuwa mwalimu wa kila jambo, bali kwa sababu mhusika wake alikuwa mwanajeshi na polisi kwa wakati mmoja, na kesi yake ilifika hadi Mahakama ya Juu na kuamuliwa mbele ya macho ya watu wote.

Moshi wa Balad

Mtu huyo ni Le Roy Torres. Alijiunga na askari wa akiba wa Jeshi la Marekani mwaka 1989. Askari wa akiba huishi uraiani na kufanya kazi yake ya kila siku, hufanya mazoezi ya kijeshi kwa nyakati zilizopangwa, na huitwa vitani taifa linapomhitaji. Kazi ya kila siku ya Torres ilikuwa upolisi, chini ya Idara ya Usalama wa Umma ya jimbo la Texas.

Mwaka 2007 aliitwa na kupelekwa Iraki, katika kambi kubwa ya Balad iliyoko kaskazini ya Baghdad. Ndani ya kambi hiyo palikuwa na shimo la kuchomea taka, mojawapo ya mashimo makubwa kabisa ya vita vile. Plastiki, matairi, betri, taka za hospitali na mabaki ya kila aina yalimwagiwa mafuta ya ndege na kutiwa moto usiku na mchana. Kuna nyakati ambapo taka zilizochomwa kwa siku moja zilizidi tani 100. Moshi mweusi ulitanda juu ya mahema, na askari waliula pamoja na chakula chao na kulala nao.

Wako miongoni mwa wasomaji wetu wanaoijua Iraki bila kusimuliwa. Tangu mwaka 2005 Waganda kwa maelfu, wengi wao wakiwa watu waliowahi kuvaa sare, waliajiriwa na makampuni ya ulinzi kwenda kuzilinda kambi za Wamarekani huko, na Balad ilikuwa mojawapo. Moshi haukumwuliza mtu pasipoti yake.

Torres alimaliza utumishi wake kwa heshima, lakini alirudi nyumbani na maradhi ya mapafu. Vijia vidogo vya hewa ndani ya mapafu yake vilikuwa vimesinyaa, na mtu mwenye ugonjwa huo huishiwa pumzi hata kwa kazi ndogo. Polisi wa barabara kuu hana budi kukimbia, kukamata na pengine kupambana na mhalifu, na hayo Torres hakuyaweza tena. Tuzingatie kwamba hakuomba kulipwa mshahara bila kuufanyia kazi. Aliiomba idara yake impe kazi nyingine, ambayo mapafu yake yangeiweza. Idara ilikataa.

Sheria aliyoitegemea

Marekani ina sheria iliyotungwa mwaka 1994 kuwalinda watu wanaoacha kazi za kiraia ili kulitumikia jeshi. Sheria hiyo humlazimisha mwajiri kumrudisha kazini aliyekwenda kutumikia, mradi ametimiza masharti. Masharti hayo ni kama vile kumwarifu mwajiri kabla ya kuondoka, kutoachishwa jeshi kwa aibu, na kurudi kwa wakati. Mwajiri hapewi nafasi ya kujitetea kwa kusema kampuni yake ni ndogo. Sheria humbana mwenye mfanyakazi mmoja kama inavyombana mwenye elfu kumi.

Kuhusu muda wa kurudi, sheria inaweka hesabu iliyo wazi. Aliyetumikia zaidi ya siku 180 hupewa siku 90 za kuomba kurudishwa kazini. Lakini kwa mtu aliyelazwa hospitali, au anayejiuguza kwa sababu ya maradhi au jeraha alilolipata katika utumishi, muda huo waweza kuongezwa hadi miaka 2. Kwa maneno mengine, sheria inatambua kwamba vita haviishi siku askari anaposhuka ndege. Siku za kitandani nazo huhesabiwa kuwa sehemu ya safari yake.

Je, akirudi na ulemavu? Hapo sheria huweka hatua tatu zinazofuatana. Kwanza, mwajiri atajitahidi kadiri iwezekanavyo kumsaidia aifanye kazi ileile ambayo angekuwa nayo kama asingeondoka. Pili, ikiwa hata kwa msaada huo haiwezi, atapewa kazi nyingine iliyo sawa na hiyo kwa hadhi, kwa mshahara na kwa miaka ya utumishi. Tatu, ikiwa hata hiyo haipatikani, atapewa ile inayokaribiana nayo zaidi. Ni baada ya kuzipitia hatua zote hizo tu ndipo mwajiri aweza kusema kwamba ameshindwa.

Serikali yashtakiwa na askari wake

Torres alikwenda mahakamani akiishika sheria hiyo mkononi. Jimbo la Texas halikuanza kwa kubishana juu ya mapafu yake. Lilisema kwamba jimbo ni dola, na kwamba dola haishtakiwi na mtu binafsi kudai fidia bila ridhaa yake yenyewe. Mahakama ya rufani ya Texas ilikubaliana na hoja hiyo mwaka 2018, na mahakama ya juu kabisa ya jimbo hilo haikukubali kuisikiliza kesi. Ikaonekana kana kwamba sheria iliyombana mwenye duka ilikuwa haiwezi kuibana serikali, ambayo ndiyo mwajiri wa polisi wengi.

Tarehe 29 Juni 2022 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu kwa kura 5 dhidi ya 4. Jaji Stephen Breyer ndiye aliyeiandika. Sababu aliyoitoa yafaa kukumbukwa na kila mtu mwenye sare. Majimbo yalipokubali kuungana kuwa taifa moja, aliandika, yalikubali pia kwamba madaraka ya kuunda majeshi na kuyatunza yatakuwa ya taifa zima, na kwamba jimbo halitajificha nyuma ya kinga yake kulizuia taifa katika jambo hilo. Kama watu wataogopa kupoteza kazi zao kwa sababu walikwenda vitani, nani ataitikia siku taifa litakapoita? Kwa hiyo haki ya askari anayerudi akiwa mgonjwa haikutazamwa kama sadaka. Ilitazamwa kama sehemu ya nguvu ya jeshi lenyewe.

Kesi ikarudishwa Texas isikilizwe kwa undani. Mwezi wa Septemba 2023 baraza la wananchi walioteuliwa kuisikiliza lilimpa Torres ushindi, na kusema alipwe zaidi ya dola milioni 2. Miaka 16 ilikuwa imepita tangu siku aliyopelekwa Iraki.

Kiti na ngazi

Kisa cha Torres kinahusu kurudishwa kazini. Lakini swali letu la kwanza lilikuwa la cheo, na hapo hatuna budi kurudi nyuma hadi mwaka 1946, baada ya Vita Vikuu vya Pili.

Mtu mmoja aitwaye Fishgold, mchomea vyuma katika kiwanda cha kutengeneza meli huko Brooklyn, New York, alichukuliwa jeshini na baadaye akarudi kazini kwake. Kazi zilipopungua, kiwanda kilimpumzisha kwa siku chache huku wenzake waliomzidi kwa miaka ya kazi wakiendelea. Akashtaki, akisema kwamba askari aliyerudi hawezi kupumzishwa kabla ya mtu ambaye hakwenda vitani.

Mahakama ya Juu ilimkatalia. Hata hivyo, katika kumkatalia iliacha kanuni ambayo hadi leo ndiyo moyo wa sheria hizi. Ilifananisha kazi na ile ngazi ya umeme ambayo mtu husimama juu yake nayo humpandisha. Askari anaporudi, ilisema mahakama, harudishwi pale aliposhukia. Hurudishwa mahali ambapo angekuwa amefika leo kama asingeshuka kamwe. Ngazi ilikuwa ikipanda wakati yeye hayupo, naye hupanda pamoja nayo.

Hapa pana mambo mawili ambayo aghalabu watu huyachanganya. Kurudishiwa kiti ni jambo moja, na kurudishiwa nafasi katika ngazi ni jambo jingine. Mtu aweza kurudishiwa kiti chake kilekile, mshahara uleule na cheo kilekile, na bado akawa amedhulumiwa, kwa sababu wote waliokuwa naye wamekwisha kusogea. Machoni pa mpita njia hakupoteza kitu. Moyoni mwake anajua kwamba amelipa kwa miaka ya maisha yake.

Lakini kanuni hii ina upande wa pili ambao haki inadai tuutaje. Haimpi askari aliyeugua cheo cha bure, wala haimpandishi juu ya wenzake. Fishgold alishindwa kwa sababu hiyo hasa. Ikiwa kazi yenyewe ingefutwa hata kama mtu angekuwepo, ngazi humshusha naye kama iwashushavyo wengine. Na ikiwa cheo hupatikana kwa mtihani, hapewi bila mtihani. Mwajiri humpa kwanza muda wa kuzoea kazi tena, kisha humpa mtihani ule uliompita alipokuwa hayupo. Akifaulu, cheo chake huhesabiwa tangu siku ambayo angekipata. Hapo mtu hubebi upendeleo wala hasara.

Likizo ya ugonjwa ya raia

Wamarekani wana pia sheria nyingine, iliyotiwa sahihi na Rais Bill Clinton mwezi wa Februari 1993, inayohusu likizo ya ugonjwa na ya kuuguza jamaa. Polisi wa Marekani wamo ndani yake kama watumishi wengine wa umma, ijapokuwa wanajeshi walio katika utumishi hawamo. Sheria hiyo hutoa majuma 12 katika kipindi cha miezi 12. Likizo hiyo haina malipo, na hupewa mtu aliyekwisha kufanya kazi kwa mwajiri wake miezi 12 na saa zisizopungua 1,250. Mwaka 2008 iliongezewa kifungu kwa ajili ya jamaa za wanajeshi. Anayemwuguza mwanajeshi aliyeumia katika utumishi aweza kupata hadi majuma 26.

Mwenye likizo hiyo akirudi hupewa kazi yake au nyingine iliyo sawa nayo. Tena mwajiri anakatazwa kuitumia likizo kama alama mbaya anapomfikiria mtu kwa cheo au kwa adhabu. Lakini muda wa likizo hauhesabiwi lazima katika miaka ya utumishi. Kwa hiyo tofauti ya sheria hizi mbili ni dhahiri. Ile ya 1993 inakilinda kiti na kukataza adhabu, lakini ngazi inaiacha ipande bila mgonjwa. Ile ya 1994 inavilinda vyote viwili, kwa kuwa aliyeondoka aliondoka kwa ajili ya taifa.

Na sisi je?

Hapa Uganda, Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 ilimpa mfanyakazi anayeugua mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza. Ilisema pia kwamba ugonjwa ukiendelea hadi mwisho wa mwezi wa pili, mwajiri aweza kuuvunja mkataba kwa kufuata masharti yake. Mama aliyejifungua ilimpa siku 60 za kazi kwa malipo kamili, pamoja na haki ya kurudi kwenye kazi yake au nyingine inayofaa, kwa masharti yasiyopungua yale ya kwanza. Lakini sheria hiyohiyo ilieleza kwamba haiwahusu wanajeshi wa UPDF, isipokuwa raia walioajiriwa na jeshi. Mwanajeshi ana sheria yake, na polisi naye ana sheria ya jeshi lake.

Hatutaji haya kwa kumlaumu mtu. Kazi ya sare si kama kazi ya dukani, na ni haki iwe na kanuni zake. Ila tunakumbusha kwamba mwaka uleule wa 2007 ambao Torres alipelekwa Iraki, askari wa Uganda walikuwa wa kwanza kuingia Mogadishu chini ya bendera ya Umoja wa Afrika. Wengi walirudi salama, wengine walirudi na majeraha, na wako wasiorudi. Swali la kiti na ngazi si la Texas peke yake.

Kwa sababu hiyo twapenda kuwapa ndugu zetu askari mashauri machache.

La kwanza ni karatasi. Jeraha au maradhi yaandikishwe siku ileile, mahali palepale yalipotokea, na askari atunze nakala yake nyumbani. Anayedai baada ya miaka mingi kwamba ugonjwa wake ulitoka kazini huulizwa uthibitisho, na mdomo mtupu si uthibitisho.

La pili ni taarifa. Mgonjwa asikae kimya akidhani kwamba kila mtu anajua aliko. Amwarifu mkubwa wake kwa maandishi, yeye mwenyewe au kwa mkono wa jamaa, ili jina lake lisije likaandikwa pamoja na watoro.

La tatu ni kuomba. Akirudi, aulize ni kozi gani na mtihani gani vilivyompita, na aombe kwa adabu na kwa maandishi avifanye. Asingoje kuitwa. Kama hawezi tena kazi yake ya zamani, aseme ni ipi anayoiweza. Torres alifanya hivyo, na ombi lile ndilo lililokuja kuwa msingi wa kesi yake.

La nne ni uaminifu. Askari anayejifanya mgonjwa ili aikwepe zamu humwibia mgonjwa wa kweli, maana ndiye anayewafanya wakubwa wawatilie shaka wote wenye cheti.

Nao makamanda tuna neno kwao. Tunajua kwamba kikosi hakiendeshwi kwa huruma peke yake, na kwamba mtu asiyejua kazi ya koplo hafai kupewa usajini kwa kuwa tu aliugua. Lakini kalamu inapoandika ripoti ya mwaka, itenganishe maneno mawili: hakuwepo, na hafai. La kwanza ni habari ya hospitali. La pili ni hukumu juu ya kazi, na haifai kutolewa juu ya siku ambazo mtu hakupewa kazi ya kufanya. Apimwe kwa miezi aliyokuwa mzima, na kwa ile iliyobaki apewe nafasi ya kujaribiwa.

Kuruta aliye uwanjani leo anatazama jinsi sajini wake aliyejeruhiwa anavyopokelewa. Anayoyaona siku ile yatamkaa moyoni kuliko hotuba yoyote atakayoisikia, na ndiyo atakayoyakumbuka siku atakapoamriwa kusonga mbele. Basi tuwapokee wenzetu wanaotoka hospitali kwa kuwarudishia viti vyao, na tuwaonyeshe pia ngazi ilipofika.